Mpapai Dume wa Mama

"Siku mpapai huu utakapozaa, ndipo utakapomwoa binti yangu!" Mama aliapa, akaingia jikoni, akatuacha uani mimi na Bwana Miche wangu tumenywea kama kuku walionyeshewa.

Kosa lilikuwa la Bwana Miche mwenyewe, mwenye kitalu cha miche ng'ambo ya barabara yetu. Alipokuja kuposa alileta mche wa mpapai, akajitapa: "Huu jike, Mama. Nakuhakikishia." Hakuna ajuaye mpapai jike kwa kuutazama mche; mpaka utoe maua. Yeye alilijua hilo kuliko sisi sote, ila mapenzi yakiingia kichwani, akili huomba ruhusa ikatoka.

Mama akauamini. Akauinulia tuta la udongo, maana mpapai hautaki kusimama majini, akaumwagilia, akausifia. Ukarefuka, ukapita dirisha la jikoni, ukachanua: vikonyo virefu vyenye viua vinavyoning'inia. Dume! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, ndipo akaapa.

Mimi subira sina, nasema wazi. Niliupiga teke mti ule, nikaubembeleza, nikautukana. Bwana Miche akaukata kilele, akasema dume likikatwa kilele pengine hubadili nia. Tukangoja. Mvumilivu hula mbivu, watu walinambia, nami nikatamani kuwarushia kandambili.

Faraja yangu ikawa chakula. Mama alianza kupika mboga fulani nyeupe, iliyokwaruzwa, na vitunguu vingi. "Mumunye hilo, kula," aliniambia. Hata nyama yake, ambayo siku zote hututoa jasho, ikawa laini ajabu.

Mwishowe uzalendo ukanishinda. Nikanunua papai sokoni, jekundu, zito, na alfajiri Bwana Miche akapanda ngazi kulifunga mtini kwa uzi.

"Ukianguka utaniacha mjane kabla sijaolewa," nikamnong'oneza, nimeshika ngazi, nimeziba mdomo kwa kicheko.

Akaacha kufunga uzi. "Hebu angalia hapa. Vikonyo vimekatwa. Utomvu bado unadondoka."

"Maana yake?"

"Maana yake umezaa! Vipapai vyembamba, vya dume. Kuna mtu anavikata vikiwa vibichi."

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi wa harusi yangu!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoka mbio kunisaidia kumkamata mwizi, mkono mmoja kisu, mkono mwingine kipapai kibichi, nusu kimemenywa.

Nikalikumbuka lile mumunye. Nikaikumbuka ile nyama, iliyolainishwa kwa maganda ya vipapai vibichi. Nilikuwa nimekula harusi yangu kwa kijiko, tena nikaomba niongezewe!

"Mama!"

"Unanipigia kelele za nini?" akafoka, kisha sauti ikamlegea. "Ningefanyaje? Ukiondoka, nitampikia nani?"

Huko juu Bwana Miche alishikwa na kicheko hadi ngazi ikatikisika. Papai la sokoni likamponyoka, likapasuka miguuni pa Mama, mbegu nyeusi zikamrukia hadi magotini. Mama akalitazama, akautazama ule uzi, akaelewa. Tukacheka watatu, yeye kule juu, mimi na Mama tumeshikana, machozi yananitoka.

"Mama, naenda wapi mimi?" nikamwambia. "Nyumba yake si ile pale! Ukikaanga kitunguu hapa, kule tunapiga chafya."

Mama akalitazama lango la kitalu.

"Najua," akasema. "Lakini kuna barabara katikati."

Bwana Miche akashuka taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali, na Mama akaweka kisu chini, akamkabidhi kile kipapai kwa mikono miwili.

"Haya, baba," akamwambia. "Ila chakula cha mchana mnavuka."