Namba Tatu

Nilikuwa chali kwenye godoro nyuma ya pikapu, nikipiga bodi ngumi. "Simama, Diana! Simama!"

Akasimama, akaja nyuma. "Si nimeenda polepole?"

"Umeenda polepole. Ni shoki zinacheza."

Asubuhi ile alikuwa ameleta pikapu hiyo kwenye gereji yangu, Kiplombe. Baba yake, Mzee Kipyego, alikuwa amepasuliwa uti wa mgongo, na saa sita angetoka hospitalini apelekwe nyumbani Sugoi akiwa amelala nyuma. Daktari alikuwa ameonya kwamba akirushwa vibaya huenda asitembee tena. "Fundi, lainisha mpaka mwisho," Diana aliniambia. Shoki za nyuma, zile zinazopunguza mtikiso, zilikuwa za kurekebishwa kwa kuzungusha kitasa, namba moja laini, namba nane ngumu. Nilijua kwamba shoki ikilegea kupita kiasi gari huyumba kama mlevi, lakini mteja ni mfalme, nikaweka moja. Halafu nikakosa kutulia. Nililizunguka gari, nikaikandamiza nyuma, ikadunda mara tatu. Ndipo nikamwambia aendeshe juu ya matuta ya barabarani, mimi nilale nyuma.

Pale chini nikamkumbuka baba yangu. Miaka minne kabla nilimtoa hospitali ileile akiwa na nyonga iliyovunjika, nikampeleka kwetu Kimilili. Ili safari isiende bure nilipakia pia magunia sita ya mahindi ya Moiben, nikakaza shoki za gari langu hadi nane ili zihimili mzigo, naye akalala nyuma. Kila tuta alilia. Nami nikamjibu kupitia dirishani, "Vumilia, Baba, tunakaribia." Hatukuwa tunakaribia popote. Sikumwomba msamaha hadi tukamzika, na pale kwenye godoro nilijichukia.

"Wamalwa, uko sawa?"

"Siko sawa. Turudie."

Nikaingia uvunguni, nikaweka mbili. Matuta yaleyale, bado. Nikaweka tatu, na nyuma ikashuka mara moja ikatulia. Nilimrudisha Diana kwenye matuta hayo mara nne zaidi, hata akaanza kunung'unika kwamba nitamchelewesha. Saa sita kasoro akaenda.

Siku hiyo sikukaza hata nati moja. Nilishika spana, nikaiweka, nikachungulia barabara. Saa nane akapiga simu.

"Mzee amelala njia yote. Hata amekoroma!" Nilisikia sauti nzito nyuma yake. "Anauliza ulifunzwa na nani hii kazi."

Niliweka spana chini.

"Mwambie ni baba yangu."

Akasema atamwambia.