Mkono wa Jotham

Babu yangu Zahor hanywi kahawa peke yake, na hata bunduki hapigi peke yake. Nyumbani kwake Al Garhoud, hapa Dubai, mtu akileta mtungi wa gesi haondoki bila kuonjeshwa halua. Nimekua nikiliona jambo hilo na kulipenda. Ndiyo maana nilipomaliza chuo, nina shahada ya ustawi wa jamii na kazi bado sina, akaniambia, "Mahfudha, kazi itakuja inshallah. Unapoingoja, njoo Jumamosi uone babu yako anavyopasua visahani," nilifurahi kama mtoto.

Uwanja wao wa shabaha uko nje ya mji, barabara ya jangwani. Mashine hurusha kisahani cha udongo hewani, mpigaji hukifuata kwa mtutu, na akikipata kinakuwa vumbi. Wazee wa klabu ile huazimana bunduki kama akina mama wanavyoazimana masufuria ya shughuli. Mmoja akinunua mpya, lazima kila mtu aionje. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama, Mwarabu anampa Mhindi, Mhindi anampa Babu, na moyo wangu ukajaa. Niliwaza kwamba hapa pana somo kubwa: watu wanapokezana kitu cha kuulia, na hakuna anayemwogopa mwenziwe. Nilishaanza kuipanga kichwani namna nitakavyowasimulia wenzangu wa chuo.

Ilinichukua muda kutambua kwamba kati ya mkono unaotoa na mkono unaopokea palikuwa na mkono wa tatu.

Ulikuwa wa Jotham. Jotham ni Mkenya, kijana wa Kakamega aliyenizidi umri kidogo, na ndiye msimamizi wa mstari wa kupigia. Huvaa fulana nyekundu ya klabu na filimbi shingoni. Kanuni ya uwanja ni kwamba bunduki haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu mpaka ipitie kwake. Anaipokea, anaelekeza mtutu kwenye mchanga, anaifungua, anachungulia, kisha anatia kidole cha mwisho ndani ya chemba, pale inapokaa risasi, ahakikishe ni tupu. Ndipo anampa mtu wa pili, ikiwa bado wazi.

"Kwani kuchungulia hakutoshi?" nilimwuliza.

"Macho huzoea, madam. Unaona kile ulitarajia kuona. Lakini kidole kikigusa chuma kitupu, hapo najua."

"Jotham!" Babu alimpigia kelele kutoka mstarini. "Unachovya kidole kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi!"

"Chumvi ikizidi, mzee, mimi ndiye narudishwa Kakamega."

"Akurudishe nani, na mimi nipo?"

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wanapendana, nililiona hilo. Kila Jumamosi Babu humchukulia kipande cha halua kwenye karatasi ya fedha, na Jotham hukila akiwa amegeuka upande, kwa sababu kula mstarini hakuruhusiwi.

Wapigaji walipopumzika, Jotham alinionyesha kwenye simu picha ya mkewe, Rispah. Alikuwa anakuja mwezi ujao. Baada ya kukaa muda mrefu kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa na wanaume wenzake, Jotham alikuwa amepata chumba cha peke yake Al Nahda.

"Haamini," alisema. "Ananiuliza, 'Kweli kuna nyumba, ama unataka kunilaza na hao mabeshte zako?'"

"Na kama kazi ikibadilika?" nilimwuliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Kazi ikiisha, na viza imeisha. Basi haji." Aliizima simu, akaifuta kioo kwa fulana. "Lakini haitaisha. Mungu yupo."

Baada ya hapo rafiki wa Babu, Bwana Thamer, akaja na bunduki mpya. Thamer amelelewa na bibi wa Kiunguja, kwa hiyo Kiswahili chake chote ni cha jikoni. "Zahor, njoo uonje," alisema, "hii haina haja ya kukoroga." Alimaanisha kwamba inajipakia yenyewe: ukipiga risasi ya kwanza, ya pili inapanda chembani bila wewe kufanya lolote.

Babu maisha yake yote amepiga bunduki ya mitutu miwili, ile inayovunjika katikati. Ukiikunja unaona kila kitu, kilichopigwa na kisichopigwa. Jotham aliikagua ile mpya, akatia kidole, akampa Babu. Babu akapakia risasi mbili. Kisahani kikaruka. Akapiga mara moja tu, na kisahani kikawa moshi wa rangi ya chungwa juu ya mchanga.

Uwanja mzima ukashangilia. Babu akageuka, uso umemng'aa, akimtafuta mtu wa kugawana naye furaha. Akaniona mimi.

"Mahfudha! Njoo, mwanangu, njoo uionje!"

Nikasogea. Jotham naye akasogea. Niliuona mkono wake vizuri sana, na ninauona hadi sasa: umenyooshwa, kiganja juu, kama ulivyokuwa ukinyooka asubuhi nzima.

"Mzee, naomba kwanza..."

"Wacha, Jotham. Huyu mjukuu wangu."

Bunduki ikapita juu ya kiganja chake. Mkono wa Jotham ukabaki hewani kidogo, kisha ukarudi. Kwao, kama ilivyo kwetu, mtu haingizi mkono kati ya mzee na kile anachompa mjukuu wake. Nami nimelelewa kwamba mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili, macho chini, wala hukikagui mbele yake, kana kwamba unamshuku. Nilipokea hivyo hivyo. Nilikunja magoti kidogo. Nilisema, "Ahsante, Babu." Niligeuka kuelekea uwanjani, mtutu ukipitia upande aliosimama Jotham, na kidole changu kikatafuta mahali pa kushika.

Sikuusikia mlio kama mlio. Nilihisi bega limepigwa teke, na dunia ikanyamaza.

Kisha nikaona maji. Dumu kubwa la maji ya kunywa lililokuwa juu ya meza, ubavuni mwa Jotham, halikuwepo tena. Palikuwa na vipande vya plastiki, na maji yakimwagika kwenye saruji, na Jotham amelowa kutoka kifuani hadi magotini. Fulana yake nyekundu ilikuwa imegeuka rangi ya damu nzito. Alijishika tumbo. Aliutoa mkono, akautazama, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

Maji. Maji matupu.

Nilikuwa bado nimeikumbatia ile bunduki.

"Madam." Sauti yake ilikuja kutoka mbali, chini ya uvumi wa masikio yangu. "Madam, usiiachie. Mtutu uende kwa mchanga. Hivyo. Sasa kidole kitoke. Pole pole. Pole, madam."

Aliniambia pole mimi. Akaja akaichukua, akaikagua; ganda lilikuwa limekwisha kujirukia lenyewe kwenye maji. Kisha, mbele yetu sote, akatia kidole cha mwisho ndani ya chemba.

Mkuu wa uwanja, Musab, alifika akikimbia. Hakumtazama mzee yeyote wala mimi. Alimwendea Jotham moja kwa moja, akamwuliza kwa Kiarabu, neno kwa neno, ili kila mtu asikie.

"Ilipitia mkononi mwako?"

"Haikupitia, sir."

"Kwa nini?"

Jotham akamtazama Babu. Hakumlaumu wala hakumwomba kitu, alimtazama tu, kisha akayarudisha macho chini. "Mimi ndiye msimamizi, sir."

"Khalas, yamekwisha. Vua filimbi. Kesho usije."

Niligeuka kumtazama Babu. Nilikuwa na hakika. Huyu ndiye mtu asiyemwachilia mleta gesi aondoke mdomo mtupu. Nilimsubiri aseme, kama unavyosubiri swichi ikibonyezwa taa iwake. Babu alikuwa akitazama maji yanavyofyonzwa na mchanga. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Kijana alikuwa hapo hapo," alisema Babu. "Kazi yake ni kushika."

Mlio wa bunduki ulikuwa umenishtua mwili. Maneno haya yalinishtua mahali ambapo sikujua kwamba panaweza kufikiwa. Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya uvumi masikioni. Lakini Jotham alikuwa tayari anaipitisha kamba ya filimbi kichwani, na kwa hiyo nilijua nimesikia sawasawa.

"Babu," nilisema. "Aliunyoosha mkono. Ulimpita."

"Mahfudha, nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo mbele za watu, na mimi sijawahi kumjibu mbele za watu. Nikamgeukia Musab na kumwambia kwa Kiarabu: msimamizi aliomba bunduki, akaambiwa aache, mimi nikapokea bila kutazama, nikatia kidole pasipotakiwa. Kisha Kiarabu kikaniishia, na lililobaki likatoka kwa Kiswahili, kama mtu anayeweweseka.

"Rispah anakuja mwezi ujao, Babu. Jotham ameshapata chumba."

Hakuna aliyejua Rispah ni nani isipokuwa Jotham. Jotham alijifunika macho kwa mkono ule ule uliopitwa.

Bwana Thamer akamsogelea rafiki yake. "Zahor," alisema taratibu. "Kweli hii?"

Nilimwona Babu akizeeka pale pale, mabega yakishuka ndani ya kanzu.

"Kweli," alisema mwisho. "Nilimpita. Aliomba, nikamwambia wacha. Na risasi ya pili niliisahau. Mimi."

Musab akasema Babu asiguse bunduki yoyote uwanjani pale mpaka asome upya pamoja na wanaoanza. Filimbi akamrudishia Jotham, akiishikilia kidogo kabla ya kuiachia. "Na wewe. Siku nyingine mwenye bunduki akiwa baba yangu mzazi, huo mkono usirudi."

"Hautarudi, sir."

Babu alinipa funguo za gari. Mikono yake haikuweza kuendesha. Yangu nayo iliweza kwa taabu. Tuliondoka. Jangwa likaisha, majengo yakaanza, na hakuna aliyefungua redio. Niliendelea kuliona lile dumu. Hatua moja kushoto, nilikuwa nikiwaza. Angekuwa amepiga hatua moja tu kushoto.

"Umenivua kanzu mbele za watu," Babu alisema tulipofika kwenye taa za barabarani.

"Kwa kuwa ilikuwa mbele za watu, nisamehe, Babu. Kwa nilichokisema, siwezi kukuomba radhi."

Taa ikageuka. Nikaendesha. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, labda kwa miaka. Tulipoingia Al Garhoud ndege ilikuwa inashuka chini sana juu ya paa za nyumba, na Babu hakuinua macho. Nikasimamisha gari mbele ya lango lake. Hakushuka. Alikuwa ametia mkono mfukoni mwa kanzu, na mkono ulikuwa umeganda humo.

"Halua yake," alisema. "Nilisahau kumpa."

Akaitoa ile karatasi ya fedha na kuinyoosha upande wangu. Nilitanguliza mikono miwili na kuinamisha macho, kwa mazoea, hata baada ya yote yale. Lakini hakuiachia. Nilivuta kidogo, akaizuia.

"Angalia kwanza," alisema.

Nikainua macho. Akaifungua karatasi mwenyewe, akanionyesha. Ilikuwa halua tu. Ilikuwa imelainika kwa joto, na kati yake palikuwa na shimo alipokuwa ameibana kwa kidole gumba njia nzima.

"Nimeona, Babu."

Ndipo akaiweka mikononi mwangu. Akakaa akitazama lango la nyumba yake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Sasa geuza gari," alisema. "Kabla hawajafunga uwanja."