Pumzi ya Fiorenzo

Fiorenzo alipokuwa hai, kazi yake ilikuwa kukaa katika shimo dogo mbele ya jukwaa la jumba letu la opera na kuwakumbusha waimbaji maneno. Kichwa chake tu ndicho kilichochomoza, kimekingwa na bati ili watazamaji wasimwone. Kabla ya kila mstari alivuta pumzi kwa sauti, kisha akanong'ona maneno. Wengine walichukua maneno tu. Mkewe, Ersilia, alichukua na pumzi pia. Miaka yote hakupumua jukwaani mpaka mumewe apumue kwanza.

Mimi nilikuwa namvalisha Ersilia. Nilifunga kamba za gauni lake, kisha nikasimama pembeni na shali mkononi. Ilikuwa kazi isiyotaka maneno mengi, ndiyo maana niliipenda.

Fiorenzo alifariki mwezi wa Novemba, ukungu wa mtoni ukiwa umejaa mjini. Daktari alisema mapafu. Sisi wa jukwaani tulisema wivu, maana alikuwa ameshajua habari za mkewe na Learco, yule anayeimba nafasi za wapenzi. Ersilia alinisimulia, huku nikimfunga kamba, kwamba siku za mwisho mumewe hakukubali hata amwekee mto vizuri. Alimwambia neno moja tu: "Tutaona utapumua na nani."

Katika jumba letu, mkumbushaji akifa, kiti chake hufunikwa kitambaa cheusi na hakikaliwi mpaka onyesho la kwanza la msimu lipite. Kwa hiyo tulifanya mazoezi shimo likiwa tupu, na Ersilia aliimba bila kukosea hata mstari mmoja.

"Unamwona mjane wetu, Nives?" Learco alinitania. "Tungejua, tungemzika mzee mapema."

Sikucheka. Nilikuwa nasikia. Kabla Ersilia hajavuta pumzi, kutoka shimoni ilivutwa nyingine, nzito, ya kifua chenye makohozi.

Ersilia aliniuliza kama nami nimesikia. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi usimwambie Learco," alisema. "Ananiongoza vizuri. Labda amenisamehe."

Onyesho la kwanza lilikuwa mchana wa sikukuu ya Mtakatifu Stefano, siku moja baada ya Krismasi. Katika opera ile, mume anarudi kutoka vitani, anamuua mpenzi wa mkewe, halafu anamchoma mke kisu. Mke anaanguka, lakini kabla ya kufa anaimba beti mbili za kuomba msamaha.

Ersilia alianguka. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri sana. Kisha ala zikanyamaza kumngoja, na pumzi haikuja.

Alilala macho yakiwa shimoni, mdomo wazi, kifua kimetulia. Kiongozi wa ala aliiacha fimbo yake hewani. Learco, aliyekwisha kuuawa, alikuwa amelala karibu yake, amefumba macho kama maiti mwema. Watazamaji walidhani ni uigizaji, na mama mmoja akaanza kulia. Mimi niliona midomo ya Ersilia ikigeuka rangi chini ya poda. Mle shimoni kulikuwa na mtu amebana pumzi kwa makusudi.

Beti zile nilizijua kwa kuzisikia. Nilishuka ngazi za chini ya jukwaa mbio, nikafungua kimlango, nikaketi juu ya kitambaa cheusi. Nikafungua mdomo nivute pumzi ili Ersilia anione. Kifua changu kikakataa kunyanyuka.

Niliona giza. Nilimwomba Fiorenzo kimoyomoyo: baba, mwachie. Ndipo mtu akavuta pumzi nyuma ya shingo yangu, taratibu, kama asiyetaka. Nami nikavuta, nikasema maneno, na Ersilia akashtuka kama aliyetolewa majini, akaimba. Watu walisimama kupiga makofi.

Tangu siku ile Ersilia hamsogelei Learco, wala hakubali kupanda jukwaani mpaka mimi niwe shimoni. Nimekubali, kwa kuwa bila mimi atakufa. Ananitazama mimi, nami namngoja aliye nyuma yangu. Mpaka sasa hajatunyima pumzi. Ila kila onyesho anachelewa kidogo zaidi.