Drafti Aliyoiacha Winfrida

Mila ya kijiji cha Mnyambe haina huruma wala chuki: mwanamke akifa, siku ya arobaini vitu vyake vinarudi kwa ukoo wake. Silvano, mtu wa Lupaso aliyehamia ukweni kwa kuoa, alikubali kanga ziende, jembe liende, hata mikorosho iende. Simu ndiyo aliyoshindwa kuiachia. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa drafti ambao mkewe Winfrida hakuumaliza, na jioni ya arobaini kaka wa marehemu, Optatus, angekuja kuichukua. Silvano alitaka aumalize kwanza, aushinde, ampe mkewe walau hilo.

Winfrida alikuwa na sifa zake. Kwenye ubao wa vizibo, nje ya ghala la korosho, wanaume wakimwona anakuja walikumbuka kazi nyumbani. Ugonjwa ulipomlaza, binti yao Cecilia, mwalimu huko Newala mjini, alimwekea drafti ya kwenye simu. Mashine ile ina ngazi, na kila ngazi inaiongezea hatua ya kutazama mbele kabla haijacheza. Ngazi ya kwanza inacheza kama mlevi. Ya pili, mlevi aliyekwisha nawa uso. Huko juu tofauti inazidi kuwa ndogo, lakini Winfrida alisema hiyo ndogo ndiyo inayoua. Akafika ngazi ya mwisho. Katikati ya mchezo tumbo likamshika, gari la wagonjwa likawa limekwenda kubeba wageni wa mkutano wa wakubwa, naye akakata roho njiani, juu ya bodaboda, mikononi mwa mumewe.

Tangu hapo Silvano hakuwa na neno jingine ila hili: Wakubwa wanatazama hatua moja tu, kutoka mkononi hadi mdomoni. Aliwaambia hivyo hata waliokuja kumpa pole.

Siku ya arobaini, asubuhi, aliishika simu na kuogopa kusogeza kete. Cecilia akamwonyesha kwamba mashine yenyewe inaweza kuulizwa nani anashinda, na mtu akachagua itazame hatua ngapi. Silvano akaipa mbili. Ikasema Winfrida. Akaipa nne. Winfrida. Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akamwambia binti yake kwamba mama yake alikuwa amemkalisha huyo mjinga wa kwenye kioo.

Angeishia hapo. Lakini mwenye kidonda haachi kukigusa. Akaipa sita: sare. Nane: mashine.

"Baba, inatosha."

Kumi: mashine, hata usogeze kete ipi.

Akaanza kurudi nyuma, kete kwa kete, atafute mkewe alipokosea. Akapaona. Mashine ilimtolea kete, naye akaila. Na kwenye drafti kula ni lazima, hata mtoto anajua. Hakukosea popote, aliachiwa njia moja, akaipita. Silvano akarudi nyuma zaidi. Huko nako alikuwa ameshafungwa, hajui.

"Hata lile gari, Baba," Cecilia akasema taratibu. "Nesi aliniambia, hata lingekuja..."

"Lingekuja angepona."

Alilisema kwa nguvu, lakini neno lilikuwa jepesi kama korosho mbovu, ganda zima na ndani hamna kitu. Akaufunika uso wa simu kwa kiganja. Hakuuliza nesi alisema nini.

Jioni Optatus akaja, akala, akapokea simu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akaiwasha palepale uani. Akautazama mchezo kidogo, uso ukamkunjuka.

"Mlamu, mbona dada alikuwa anashinda?"

Cecilia akainama. Silvano akamgeukia shemeji yake.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa anashinda."

Optatus akaondoka anatabasamu, kidole kwenye kioo, akila kete aliyotolewa. Na kutoka upande wa mikorosho Silvano akaisikia mashine ikijibu, tik, tik, tik, ikila bila haraka.