Mkuku wa Mariti

Mwanamina alikuwa amefikisha siku ya themanini na nane ya eda pale shemeji yake Yaseen alipopiga hodi nyumbani kwake mtaa wa Barani, Malindi, akakaa ukumbini upande wa pili wa pazia, na kumpa habari kwamba boti ya marehemu mumewe Azim imepata mnunuzi. Ni mtu na mkewe kutoka Nairobi, alisema, watu wa adabu, na bahari wanaijua kiasi chao. Wangeitazama Alhamisi kule Kilifi, kisha Ijumaa baada ya sala waje Malindi kumpa mkono wa pole, naye atie saini kwa niaba ya warithi. Jumatatu wangetweka matanga waende zao Shelisheli.

Mwanamina alimshukuru. Kisha akaitazama kalenda ya msikitini iliyotundikwa juu ya kitanda, ambayo tangu mazishi alikuwa akiikatia siku zake kwa kalamu, moja baada ya moja. Alhamisi hiyo ingekuwa mwezi mwandamo ishirini na mbili. Maji mafu.

Mtu wa bara angeipita tarehe ile asione kitu. Lakini Mwanamina alizaliwa pwani, na alijua kuwa boti kubwa kama ile haipandishwi nchi kavu kwa mashine pale Kilifi. Husogezwa kwenye magogo yaliyosimikwa ufukoni wakati maji yamejaa, ikafungwa kwa kamba, na maji yakipwa inabaki imesimama wazi, mtu anaweza kuizunguka kwa miguu na kuigusa mpaka chini. Jambo hilo hufanyika siku za bamvua tu, mwezi mpya au mwezi mpevu, maji yanapokimbia mbali. Siku za maji mafu bahari hushuka kidogo tu, ikarudi. Atakayeitazama boti siku hiyo ataona mlingoti, matanga, jiko na vitanda. Mkuku, ule mgongo mzito wa chuma ulio chini kabisa, hatauona.

Na Mwanamina alijua kilichomo kwenye mkuku.

Boti ile iliitwa Marit, jina aliloliandika mzee mmoja wa Kinorwe aliyezunguka nayo nusu ya dunia, kisha akaugua, akamwachia Azim aliyekuwa akimtunzia. Watu wa Kilifi waliiita Mariti. Miaka miwili iliyopita Azim alikuwa akitoka nayo Watamu peke yake, akakosea mlango wa kuingilia Kilifi kidogo tu, mkuku ukagonga mwamba. Boti haikuzama wala haikuvuja kwa kuonekana. Lakini chini ya sakafu, kule ngamani maji yanakojikusanya, bolti mbili kati ya zile zinazoushika mkuku zikaanza kutoa machozi ya kutu. Aliziba ufa uliotokea pale mkuku unaposhikana na boti kwa gundi ya faiba, akaja nyumbani, akamwambia mkewe peke yake: mpaka atakapoushusha mkuku na kubadilisha bolti, boti haivuki mwamba kwenda bahari kuu na roho ya mtu ndani.

Tangu siku hiyo aliwatembeza wageni ndani ya mkono wa bahari tu, kutoka darajani hadi kwenye mikoko na kurudi. Wenzake wakamcheka kwamba ameanza kuogopa maji. Alicheka nao. Akifika nyumbani alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Fedha za kazi ile ya mkuku hazikupatikana, kisha presha ikamwangusha sokoni asubuhi moja, na hakuamka.

“Shemeji,” Mwanamina alisema kupitia pazia, “nifanyie hisani. Wangoje bamvua waione chini.”

Yaseen akasema wageni wana haraka, na chini hakuna la kuona. Yeye mwenyewe alimlipa mzamiaji akaikwangua na kuipaka rangi.

“Kuna ufa. Azim aliniambia.”

“Mimi ni nduguye, hakuniambia.” Sauti yake ilishuka. “Na kama ni kweli, unataka nitangaze kwamba marehemu alikuwa akipakia wageni kwenye boti mbovu? Miezi mitatu kaburini, wewe ndiye wa kumfukua? Tia saini, Mwanamina. Mwache mume wako alale.”

Akaaga, akaenda zake. Neno lile la kumfukua likabaki chumbani, na Mwanamina alilala nalo na kuamka nalo siku nne.

Ijumaa walikuja. Mnunuzi, Cliff, alikaa ukumbini na Yaseen. Mkewe Cynthia alivua viatu mlangoni akaingizwa ndani kwa wanawake, na wifi yake Mwanamina, Raiya, dada mkubwa wa Azim na Yaseen, akamletea kahawa na kaimati. Raiya hakuweza kukaa na mgeni bila kumchokoza. Akamuuliza kama ardhi ya bara imewaishia hata wanaijia bahari.

“Ni mzee wangu huyo ukumbini,” Cynthia alisema. “Miaka kumi anaongea juu ya boti, mama. Nimekubali ili anyamaze.”

Raiya alicheka mpaka akajifuta macho. Hata Mwanamina alitabasamu, na akaona aibu kwamba mwanamke huyu anapendeka.

Yaseen akapitisha karatasi chini ya pazia, na kalamu juu yake. Alieleza kwa sauti ya kusikika kote kwamba bwana atatia saini baada ya mjane. Mwanamina aliishika kalamu. Cynthia, ili kuvunja ukimya, alianza kusimulia jinsi alivyopima vile vitanda vya mbele jana, maana vimekatwa pembe tatu na hakuna shuka la dukani linalovienea. Usiku alikuwa amekata kitenge, na cherehani angeiazima hotelini. Cha kushoto ni cha Moraa, ana miaka tisa. Cha kulia ni cha mdogo wake.

“Mnakwenda na watoto?”

“Wote wawili. Shule tutawafundisha huko huko.”

“Chini ya boti mliona?”

“Baba Moraa aliingia majini na miwani, lakini matope. Hakuona hata mkono wake. Bwana Yaseen akasema imepakwa rangi juzi tu.”

Raiya aliacha kumimina kahawa. Alimtazama wifi yake, akatikisa kichwa mara moja, polepole, kama anayemkanya mtoto asiguse moto. Ukumbini Yaseen alikohoa.

Mwanamina aliweka kalamu chini.

“Mkuku una ufa,” alisema. “Bolti mbili zimeoza. Mume wangu aligonga mwamba, akajua, akawaficha watu. Lakini hakumvusha mtu mwambani tangu siku hiyo, na nyinyi msivuke.”

Cynthia aliweka kikombe sakafuni kwa uangalifu mkubwa, akainuka, akalisogeza pazia kwa mkono.

“Baba Moraa, usisaini.”

Hapo Yaseen alianza kusema mengi kwa pamoja: kwamba shemeji yake amechanganywa na msiba, kwamba mtu aliyefungiwa miezi mitatu husikia visivyokuwapo, kwamba boti imeelea miaka miwili bila tatizo. Cliff hakubishana. Alingoja amalize, kisha akauliza jambo moja tu, ni lini maji yatashuka mpaka mkuku uonekane. Yaseen akasema hakumbuki.

“Jumamosi ya wiki ijayo,” Mwanamina alisema kutoka ndani. “Saa nne na nusu asubuhi.”

Wiki ile Yaseen hakukanyaga Barani. Raiya alikuja kila siku, akapika, akafua, na hakusema na wifi yake ila yasiyoepukika. Mwanamina akaanza kujitilia shaka. Vipi kama gundi ya Azim iliponya kila kitu? Vipi kama alimsikia vibaya? Alijikuta anaomba ufa uwepo, kisha anatubu, maana ni dua gani hiyo ya kumwombea marehemu.

Jumamosi, Mariti ilisogezwa kwenye magogo alfajiri. Raiya alikwenda Kilifi kushuhudia, maana alisema hawezi kuamini la kuambiwa. Eda ilimzuia Mwanamina nyumbani. Aliketi na simu mapajani, akifuata maji kwa saa ya ukutani. Saa tatu yatakuwa kiunoni mwa boti. Saa nne yatakuwa yameachia usukani.

Simu ililia saa nne na robo.

“Wifi, nimesimama chini yake,” Raiya alisema. “Pakavu. Rangi nzuri, laini kama sahani. Hakuna kitu.”

Mwanamina aliigandamiza simu sikioni.

“Yaseen anacheka. Ngoja. Fundi wao, huyu Kambi, anakwangua kwa kisu.”

Zikasikika sauti za watu, kisha kitu kikigongwa.

“Limedondoka pande la gundi,” Raiya alisema hatimaye. “Yanatoka maji mekundu, wifi. Yanachuruzika tu. Kambi ameingiza kisu chote, mpaka mpini.” Alipumua kwa nguvu. “Azim alilijua hili?”

“Alilijua.”

“Na sisi tukimcheka?”

“Naam.”

Raiya alilia kwenye simu, pale ufukoni mbele za watu, na Mwanamina akamsikiliza mpaka mwisho bila kumnyamazisha.

Cliff na Cynthia hawakuinunua. Cynthia alipiga simu kushukuru. Jioni Yaseen alikuja, hakuketi, akasukuma funguo za Mariti chini ya pazia.

“Iuze mwenyewe,” alisema. “Tuone.”

Mwanamina alichukua daftari akaandika tangazo. Alianza hivi: Inauzwa boti ya matanga, futi thelathini na nane, iko Kilifi. Mkuku una ufa na bolti mbili zimeoza, isivuke mwamba mpaka itengenezwe, na atakayeitaka aje siku ya bamvua.

Raiya alisoma juu ya bega lake. Alisema hakuna mtu anayeanza kuuza kwa ubaya, angalau aanze na matanga, ambayo Azim aliyashona upya kwa mkono wake. Mwanamina akaongeza mstari kuhusu matanga. Akauweka chini ya ule wa mkuku.