Breki Zilizosingiziwa

Mkwe alilegeza nati za gurudumu la mbele kabla ya kupiga jeki, kwa sababu gurudumu likishakuwa hewani huzunguka pamoja na spana. Hilo alilijua tangu zamani. Mengine yote aliyajua tangu jana, kwenye simu, akimtazama mtu mwenye mikono misafi anabadilisha breki huku anapiga mluzi. Yeye hakupiga mluzi. Kazi yake ilikuwa friji, na friji ikikosewa nyama huoza, mwenye nyama akakasirika, mambo yakaisha. Breki ikikosewa ni habari nyingine.

Gari lilikuwa la baba mkwe wake. Lilikaa uani chini ya turubai tangu siku lilipomgonga mama mkwe getini. Habari ya siku ile kila mtu wa nyumba ile aliisimulia kwa maneno mawili: breki zilikataa. Mzee aliwaambia hivyo hospitalini, majirani wakaambiana hivyo, na mama mwenyewe, wageni walipomwuliza kwa nini anatembea kwa mkongojo, alisema breki zilikataa, kisha akawavutia viti.

Sasa mzee alitaka kuendesha tena. Alikuwa dereva mstaafu, aliyewaendesha wakubwa wa ofisi maisha yake yote bila kukwaruza hata rangi, na kuliona gari limelala kulimnyima raha. Familia ilikaa kikao ikakubali kwa sharti moja, kwamba pedi na diski za mbele zibadilishwe kwanza. Gereji mzee hakutaka kuisikia. Alisema mafundi wa gereji wanapokea gari zima wanarudisha nusu. Kazi ikamwangukia mkwe, ambaye angesema hapana kwa mtu mwingine yeyote duniani, lakini si kwa aliyempa mke.

"Wewe si fundi?" mzee alimwuliza.

"Fundi wa friji, Baba."

"Nati ni nati."

Mkwe akaweka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma, akaweka jingine, na mkewe, binti wa nyumba ile, akaleta la tatu bila kuombwa. Gari liliponyanyuka alilitegemeza kwenye stendi za chuma, akalisukuma kwa bega kuona kama litayumba. Halikuyumba. Akalisukuma tena, roho juu vilevile. Mama alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, mguu mbovu ameunyosha juu ya stuli, anatazama kila kinachofanyika.

Alifungua boliti za kalipa, ile mikono ya chuma inayoibana diski, akaining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usivutike. Pedi zikatoka. Alitegemea kuona pedi zilizolika mpaka chuma. Hizi zilikuwa nene. Akatoa pedi mpya kwenye boksi, akaziweka pamoja kwenye kiganja, na tofauti yake ilikuwa kama unene wa ukucha. Akamwonyesha mkewe. Mkewe alizitazama, akamtazama mama yake barazani, akazitia pedi kuukuu kwenye bakuli la boliti.

"Pengine tatizo ni diski," alisema mkwe.

Diski ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu pale katikati. Akaigonga kwa nyundo. Haikutoka. Alipoigonga tena, diski ilisema, "Taratibu basi."

"Samahani," alisema mkwe, akapunguza nguvu.

Diski ikaachia, akaishusha juu ya gunia. Ilikuwa na sauti ya mtu aliyekaa kwenye foleni muda mrefu na bado ana adabu zake.

"Shikamoo, Mama," iliita kuelekea barazani.

"Marahaba," mama alijibu. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Pole na mguu. Tulitaka tu ujue kwamba hatukukataa."

Mama aliinamisha kichwa, akakung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye gauni lake.

"Najua," alisema.

Mkwe alikuwa na brashi ya waya mkononi, akaanza kusugua kutu ya kitovu cha gurudumu, kwa sababu video ilisema diski mpya isikalie kutu. Alisugua kwa nguvu kuliko kutu ilivyohitaji. Alisikia aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Walipohamia upande wa pili, diski ya kulia iliongea hata kabla ya nyundo. Yenyewe ndiyo ilikuwa karibu zaidi na mama siku ile, na iliyakumbuka mambo vizuri. Ilisema mzee alikuwa amepiga honi, mama akatoka kufungua, komeo likamsumbua. Mzee akawa anamsogezea gari kidogo kidogo ili afanye haraka, kichwa kikiwa nje ya dirisha, anagomba. Kufuli likamponyoka mama, akainama kuliokota. Mguu wa mzee ulikuwa kwenye kanyagio la mafuta.

"Sisi tulikuwa tayari," ilisema. "Tangu tumefungwa humu hatujawahi kukataa hata siku moja. Hatukukanyagwa."

Binti alikaa chini, palepale kwenye mchanga.

"Mama, kweli?"

"Kila siku alikuwa ananisogezea. Kazini kwao geti lilifunguliwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa anakimbia. Mimi sijui kukimbia."

"Na ukasema breki!"

"Yeye ndiye alisema breki. Mimi nilikuwa nimelala kitandani na mguu juu. Ningebishana na nani?"

Mkwe alipokuwa ameilaza diski ya pili kwenye gunia, mlango wa ndani ulifunguliwa na mzee akatoka, amevaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, funguo zikizunguka kwenye kidole. Wote watatu wakanyamaza. Diski hazikunyamaza.

"Shikamoo, Baba," zilisema pamoja.

"Marahaba."

"Hatukukataa, Baba."

Mzee alizitazama pale kwenye gunia. Uso haukumbadilika. Alikuwa ameendesha watu wengi waliosema mambo mengi nyuma ya kiti chake, na alijua kusikia bila kusikia.

"Baba, umesikia?" aliuliza binti.

"Nimesikia. Ndiyo maana tunazitoa. Breki inayobishana na dereva ni breki mbovu." Akamgeukia mkwe. "Bado sana?"

Hapo mkwe alitakiwa kusema kitu. Alijua, mkewe alijua, na hata mama alikuwa ameacha kukung'uta gauni. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini mzee alikuwa mzee, na yeye alikuwa amechuchumaa mbele yake na grisi mpaka kwenye viwiko, na alichosikia kikitoka kinywani mwake ni, "Karibu namaliza, Baba." Mzee akarudi ndani kunywa chai.

"Usiendelee," mkewe alinong'ona. "Acha hivyo hivyo. Gari bila breki haliwezi kutoka."

"Huyo?" alisema mama. "Huyo atatoka nalo bila breki, kisha aseme zilikataa. Endelea, mwanangu. Funga vizuri. Zishike."

Mkwe akaendelea. Alifuta mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya kwa kitambaa, akazivalisha. Akairudisha pistoni, ile inayosukuma pedi, ndani ya kalipa kwa jiriwa dogo, polepole, huku mkewe akichungulia kikopo cha mafuta ya breki yasije yakafurika. Akapachika pedi. Akakaza boliti, akazirudia, na alipofika kwenye nati za gurudumu akawa hakumbuki kama boliti za upande wa kwanza alizikaza, akafungua tena gurudumu zima kuangalia. Zilikuwa zimekazwa.

Diski mpya hazikusema lolote. Zile kuukuu zilizungumza nazo kwa upole, kama watu wanaoacha zamu.

"Mtasingiziwa," ziliziambia. "Msijibizane. Mtatolewa."

Mwisho aliingia garini, akakanyaga breki. Kanyagio likazama mpaka chini kana kwamba hakuna kitu, kama video ilivyomwonya. Akakanyaga tena na tena, pedi zikajongea, kanyagio likapanda na kuwa gumu chini ya mguu. Akakaa pale kwa muda, amelikanyaga, hataki kuliachia.

Mama aliomba diski kuukuu zisiuzwe chuma chakavu. Binti akaziweka barazani kando ya kiti, juu ya gazeti zisichafue sakafu.

"Hizo mpya," mama aliziuliza, "zitashika?"

"Zitashika, Mama," zilisema. "Zikikanyagwa."

Mzee alikalia kiti cha dereva, akarekebisha kioo kilichokuwa sawa tangu mwanzo. Mama alikuwa ameshateremka kufungua geti. Gari likatoka vizuri, likakunja kona, likapotea. Mama akafunga geti, akarudi mpaka kwenye ngazi ya baraza, na hakukaa. Mkwe alinawa mikono kwa sabuni ya unga. Grisi ilitoka yote naye akaendelea kunawa.

Honi ikalia.

"Kaa, Mama," alisema mkwe. "Nitafungua mimi."

"Akikuona wewe atauliza mimi niko wapi, na leo chakula hakitalika." Alikuwa ameshauchukua mkongojo. Mkwe alimfuata hata hivyo, mpaka mama alipomnyooshea mkongojo kando ya ukuta. "Simama hapo. Hapo hapo."

Honi ikalia tena. Mama akaliburuta bawa moja la geti mpaka mwisho, akarudi kwa lile la pili. Komeo la chini lilikuwa limekwama kwenye mchanga. Akainama, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye komeo. Gari likaanza kusogea. Kichwa cha mzee kilikuwa nje ya dirisha.

"Fanya haraka basi, nimekaa barabarani kama mkokoteni!"

Gari lilisogea kidogo, halafu kidogo tena. Binti aliita "Baba!" kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa baba yake. Mkwe alibanduka ukutani na kujua palepale kwamba hatawahi.

Gari likasimama. Halikulia wala kuyumba. Bampa ilikuwa imeubana upindo wa gauni la mama kwenye bomba la geti, na nyuma ya ule upindo palikuwa na mguu wake uliobaki mzima.

"Umeona?" alisema mzee, na uso ulikuwa umemchangamka kweli. "Zinashika!"

"Nimeona," alisema mama.

Akavuta upindo wa gauni mpaka ukatoka, akamaliza kufungua geti.