Msiba wa Bucumi

Watu wa Ujiji wakinikuta barazani huniuliza kama kweli nimekaa chini ya ziwa miaka mitatu, na nikisema ndiyo wanataka niwasimulie samaki. Samaki gani? Kule kuna giza, kuna kuta za chuma zinazotoa jasho, na kulikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili wanaokohoa. Nikianza kueleza hayo wananikatiza: "Aa, Mudathir, wewe nawe!" Basi siku hizi nawaambia niliona samaki wakubwa sana, wanaridhika, wanaenda zao.

Koloni yenyewe ilikuwa mita themanini chini ya maji, mbele kidogo ya Kibirizi. Mitumbwi ya dagaa ikipita juu tulisikia injini zake. Zilikuwa nyumba za chuma zilizounganishwa kwa korido, na kazi yetu ilikuwa kuvuta gesi iliyolala kilindini tangu dunia iumbwe. Wenyewe walijiita Mamlaka ya Vilindi. Walituahidi kwamba familia itakayokaa miaka mitano itapewa kiwanja na nyumba ya bati Kidahwe. Wengi waliojiandikisha walikuwa familia za Warundi waliochoka kuishi kwa vibali, na Waha wasio na shamba. Mimi nilienda kwa sababu ni fundi bomba na pale Ujiji nilikuwa nimegombana na kila mwenye bomba. Nikamchukua na mdogo wangu Mwinshehe. Hilo la kumchukua nitajibu mbele ya Mungu.

Hewa ilishuka kwa bomba moja. Lifti nayo ilikuwa moja, na aliyeamua ishuke au ipande alikuwa juu, meneja wetu, Bwana Nickson, msomi mpole aliyehamishiwa Kigoma kutoka huko kwao. Upole wake ndio ulionikera. Mtu akikunyima hewa kwa sauti ya chini hivyo, hata kumtukana unashindwa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Dorotea Ndayikeza. Tulimwita Mama Bucumi, kwa jina la mwanawe wa pekee. Alikuwa mfupi, amekulia kambini, na aliweza kupanga foleni ya watu mia bila kupaza sauti. Ukimdanganya alikukazia macho tu, mpaka ukajikuta unausahau uongo wako katikati. Nilibishana naye karibu kila siku, na sijapata kumheshimu mtu mwingine namna ile.

Mwaka wa pili ugonjwa wa kifua ukaanza. Mtu anakohoa wiki nzima, midomo inakuwa ya kijivu, lifti inamchukua kwenda kutibiwa. Baada ya siku kumi na nne inashuka barua ya chapa: amepona, amehamishiwa nchi kavu, yuko Kidahwe anaandaa kiwanja, anawasalimu wote; kisha nyingine zinafuata. Waliondoka hivyo watu arobaini na mmoja. Alienda Selestini, mume wa Skolastika wa chumba cha jirani. Akaenda Mwinshehe wangu. Mwaka wa tatu akaenda Bucumi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ndiye pekee miongoni mwetu aliyemaliza kidato cha sita.

Barua ya Mwinshehe ilisema ameanza kulima mihogo. Mwinshehe, ambaye maishani mwake hajashika jembe! Nikacheka, nikasema nchi kavu imemtia adabu. Ningekaa nikafikiri dakika moja ningejua. Hiyo dakika sikuitaka, nikaikimbia kwa kicheko.

Kisha watoto wakaanza kukohoa. Wa kwanza alikuwa Evaline, binti wa Skolastika, miaka sita. Wiki ile ile wakawa tisa. Mama Bucumi akaandika juu kuomba watoto wote watolewe. Jibu likashuka kwamba vipimo vya hewa viko sawa. Akatuita kwenye ukumbi wa chakula.

"Tukigoma watapunguza hewa kama mwaka juzi," alisema. "Tulivumilia saa sita, tukarudi kazini. Lakini kwenye mkataba kuna kifungu cha kumi. Panapotangazwa msiba, kazi inasimama siku nane, hewa haiguswi, na mkaguzi kutoka nje anashuka kuandika kifo."

Kifungu hicho Mamlaka walikiweka wenyewe, ili kuwapendeza wazee siku ya kusaini. Wakati wa ikiriyo, kama Warundi wanavyoziita siku za kukaa msibani, mtu hashiki jembe, na majirani nao hawashiki. Wazee walisema bila hilo hawashuki. Ndiyo maana chini kule hakufa mtu hata mmoja. Kifo kimoja kingemleta mkaguzi, na mkaguzi akivuta ile hewa koloni ingefungwa. Kwa hiyo watu hawakufa, walihamishwa.

"Sasa nani atatangaza?" akauliza.

Msiba hautangazwi na mwenyekiti, unatangazwa na mzazi, au mkubwa wa marehemu. Na kumkalia msiba mtu ambaye hujaiona maiti yake ni kumuua kwa mdomo wako. Hilo hata sisi wa Ujiji tunaliogopa. Skolastika aliinama akaanza kulia, akasema Selestini alimwandikia mwezi uliopita, atamzikaje mtu anayemwandikia? Mama Bucumi akanitazama mimi. Nikajifanya naangalia bomba.

Alingoja. Nilivyoona hakuna anayeinuka, nilitamani mtu aanze kukohoa tu, tupate kisingizio cha kutawanyika. Halafu akavua viatu, akakaa chini sakafuni, akajifunika kanga kichwani.

"Mwanangu Bucumi amekufa," akasema. "Njooni tumlilie."

Nikamfuata, nikachuchumaa mbele yake kwa hasira. "Mama, unamzika mtoto aliye hai? Ana barua!"

"Mudathir, mwanangu," alisema, "Evaline amebakiza wiki ngapi? Wewe fundi, niambie."

Nilijua. Wiki mbili, labda tatu. Nilienda nikafunga koki za gesi, moja baada ya nyingine, na wengine wakaja kukaa naye.

Siku ya kwanza hakuna aliyeshuka. Siku ya pili kikaratasi: mkaguzi ameitwa kwa mujibu wa kifungu cha kumi, atafika siku ya tano. Wanawake waliimba nyimbo zao za Kirundi, na mimi nilipika uji kwa sababu wapishi nao walikuwa msibani. Mama Bucumi hakula. Mara moja nilimsikia akinong'ona chini ya kanga, "Mwana wanje, unisamehe," nikaondoka haraka.

Siku ya tatu kengele ya lifti ililia. Mlango wa chini nilikuwa naufungua mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona wa kwanza. Alitoka Bwana Nickson, nyuma yake walinzi wawili, na katikati yao Bucumi.

Alikuwa hai, amenyoa, amevaa shati jeupe la ofisini. "Shikamoo kaka Mudathir," akaniambia, nami nikabaki nimeshika mpini wa mlango. Kisha furaha ikanijaa mpaka nikataka kupiga kelele, kwa sababu kama Bucumi yu hai, basi na Mwinshehe yu hai, na ile mihogo ni ya kweli.

Waliingia ukumbini. Kila mtu aliinuka isipokuwa Mama Bucumi. Skolastika alikuwa anacheka na kulia pamoja. Bwana Nickson akachuchumaa mbele ya Mama Bucumi, kwa adabu zake zile.

"Shikamoo mama. Sijaja kugombana. Nimekuletea mwanao. Inuka umsalimie, tufute huu msiba, nimjulishe mkaguzi asisumbuke."

Mama Bucumi alikuwa anatazama viatu vya Bwana Nickson. Vilikuwa vyeusi, vina matope mekundu ya Kigoma, na hakuyaondoa macho yake hapo.

"Mama," Bucumi alisema. "Mama, ni mimi."

Nilisimama hatua tatu kutoka kwa mama yake. Niliona mkono wake ukitoka chini ya kanga, ukaanza kunyanyuka, kisha mkono wa pili ukatoka ukaushika ule wa kwanza kwenye kifundo, ukaurudisha pajani. Ukaubana hapo.

"Sindamuzi," akasema kwa Kirundi. Kisha kwa Kiswahili, ili Bwana Nickson asikose kuelewa: "Huyu kijana simjui. Wangu amekufa kwa kifua. Tuko msibani."

Bucumi alipiga magoti. "Mama, nitazame basi!"

"Kijana, usinisumbue msibani."

Kelele zikazuka. Wapo waliomwambia amerukwa na akili, na mimi nilikuwa mmoja wao, nakiri. Alisema tu, bila kuinua kichwa: "Skolastika, mgeni ametoka juu. Muulize habari za mume wako."

Skolastika akamgeukia Bucumi akamshika shati. "Selestini umemwona? Yuko Kidahwe? Eh? Umemwona?"

Bucumi aliangalia sakafu. Nami nikapaza sauti, "Na Mwinshehe?" Sauti zikaja kutoka kila upande, majina arobaini, na yule kijana hakuinua uso hata kwa jina moja. Ile furaha yangu ilikuwa imedumu labda dakika tano. Hapo nikaelewa ni kwa nini wamemleta yeye na si mwingine. Hawakuwa na mwingine. Baadaye tuliambiwa kwamba alipopona kifua walimweka ofisini kwa sababu anaandika vizuri, na tangu hapo barua zote, za Selestini, za Mwinshehe, alikuwa anaziandika yeye, mlinzi mlangoni.

Mama yake angeinuka tu akamkumbatia, msiba ungekwisha hapo hapo. Mkaguzi angegeuzia Kibirizi, nasi tungerudi kwenye koki tukingoja barua, kila mtu na tumaini lake, na watoto wakikohoa. Yeye alishaliona hilo kabla yetu sote.

Skolastika aliachia lile shati. Akaenda akakaa sakafuni kando ya Mama Bucumi. "Selestini mume wangu amekufa," alisema. Akafuata mzee Ngendakumana na binti zake wawili. Mimi nilikuwa wa saba au wa nane. Nilitangaza msiba wa mdogo wangu Mwinshehe, na sauti ilinitoka nyembamba, ya mtoto, sikuitambua.

Bwana Nickson akasimama, akapangusa magoti. "Sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza upole ulikuwa umemtoka. "Kama si wako, si wako."

Waliondoka na Bucumi. Niliwafungulia mlango mimi mwenyewe kwa mikono hii. Ningekataa kufungua, nani angenilazimisha? Hakuna. Nafikiri kuhusu mlango ule kila siku.

Mkaguzi alishuka siku ya tano, mwanamke, Aikande jina lake, akiwa na mashine ya kupima hewa. Alikaa robo saa, akaanza kukohoa, akapiga simu juu kwa sauti kali lifti isisimame mpaka mtu wa mwisho ametoka. Watoto ndio waliotangulia. Kibirizi walitoka wamefumba macho kwa jua, wachuuzi wa dagaa wakaacha vichanja vyao wakaja kuwabeba. Evaline alilazwa mwezi mzima. Yuko hai, ana kelele, anaishi nyumba ya pili kutoka hapa.

Kidahwe hakukuwa na viwanja. Kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio makaburi arobaini na moja. Arobaini yalikuwa yameota majani. La arobaini na moja udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Bwana Nickson hakuonekana tena Kigoma. Tuliuliza, tukajibiwa amehamishwa. Naamini, kwa kuwa kati yetu sote yeye ndiye pekee aliyehamishwa kweli.

Tuliwafukua, tukawazika upya kila mtu na dini yake. Mwinshehe nilimwosha mwenyewe. Bucumi alizikwa wa mwisho, na jioni ile wanawake wakaleta mikeka nyumbani kwa Mama Bucumi, chumba cha kupanga pale Kidahwe, wakaanza kuitandaza uani. Alitoka akawazuia mlangoni.

"Oya," alikataa kwa Kirundi. "Bucumi tulishamkalia. Mtu hakaliwi mara mbili. Nendeni mkalale."

Walijaribu kumbembeleza. Aliikunja mikeka mwenyewe akawarudishia. Wakaondoka wakinung'unika kwamba ana moyo wa jiwe, na wengine walisema kwa sauti kwamba ndiye aliyemuua. Nilipandwa na hasira. Nikaingia ndani bila kubisha hodi, nikitaka kumwambia ana haki ya kulia, kwamba koloni imekwisha na hakuna wa kumwogopa tena.

Nilimkuta amekaa kitandani, mikono ameibana mapajani.

"Mudathir," akasema, "wewe ulimfungulia lifti. Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona, mama."

"Mimi sikumwona. Ningemtazama ningeinuka. Alikuwa amekonda?"

"Hapana, mama. Alikuwa amenawiri."

"Na nguo?"

"Shati jeupe, mikono mirefu. Limepigwa pasi."

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo la pasi ni jambo kubwa.

"Mlango ulipokuwa unafungwa. Alikuwa amenikasirikia?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Nilimwambia ukweli, kwamba Bucumi hakuwa na hasira usoni, kwamba alikuwa anamtafuta yeye kwa macho juu ya bega la mlinzi, mpaka chuma kilipokutana. Machozi yakawa yanamshuka bila sauti. Akasogea, akanipa nafasi kitandani.

"Anza tena," akasema. "Anza lifti ilipofunguka, polepole, usiruke kitu."

Nikaanza tena.